Ufa Hauzibwi kwa Silva

Mbalizi, jioni ya kukuaga

Mwanangu Atupele,

Sikuulizi hujambo, maana uko chumba cha pili na nasikia unavyokoroma. Umelala zako vizuri, mabegi umeyafunga yako mlangoni, na mimi uliyenikasirisha ndiye nimebaki mezani na sahani ambazo hakuna aliyezitoa. Baba yako amekuja kuniita tukalale. Nimemwambia atangulie. Ananijua, hakurudia.

Mambo ya sweta sitakuandikia. Baba yako atakueleza yote kesho asubuhi, uvae nini, usikope kwa watu, ukisalimiwa kamwene uitikie vizuri. Yeye ni mtu wa Iringa, baridi ya Mufindi anaijua kuliko mimi, mwache naye apate la kusema. Mimi nina neno moja limenikaa kooni tangu tulipokuwa tunakula. Nisipolitoa kwenye karatasi nitalitoa kesho stendi, mbele za watu, na sauti yangu unaijua.

Umesema, "Mama, ni rangi tu."

Nianze mwanzo, usije ukasema nimeongeza chumvi. Simu iliita, ukaweka spika ili baba yako naye amsikie huyo bosi wako mpya wa gereji ya Igowole, huko huko Mufindi. Nikaacha hata kutafuna. Bwana yule ana maneno mazuri, sikatai. Chumba kipo, majirani watu wema, kazi tele. Halafu akasema, "Dada, hapa kwetu hakuna mambo mengi. Ukaguzi ukikaribia, magari ya shule na ya abiria yanapanga foleni. Wewe unapita na rangi ya silva huko chini, ekzosi yote inang'aa, gari linaondoka. Habari za kuchomeleachomelea zinachelewesha wateja. Nimekuchukua kwa sababu nimeambiwa wewe ni mtoto wa Mama Silva."

Na wewe, kijiko mkononi, ukajibu, "Sawa bosi."

Sawa bosi. Mtoto niliyemlea kwenye vumbi la msasa, aliyejua kutofautisha kutu na masizi kabla hajajua kuandika jina lake. Nikakuuliza, umesikia alichosema huyo? Ukasema, "Mama, jamani, usianze. Ni rangi tu." Baba yako naye, badala ya kunisaidia, akasema mwacheni mtoto ale. Nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojikasirikia kuliko ninavyokukasirikia wewe, maana kunyamaza kwangu kuna historia yake, na hiyo historia wewe umo ndani.

Kwanza hilo jina. Bosi wako amelitaja kana kwamba ni sifa. Unajua lilivyoanza? Kabla sijaingia gereji nilikuwa nauza duka la rangi za nyumba hapa hapa Mbalizi, barabarani. Mafundi wa magari walikuwa wanakuja kuulizia rangi ya ekzosi, lile bomba la moshi. Sisi hatukuwa nayo. Siku moja akaja dereva wa lori la viazi, ekzosi yake imekula kutu, anataka kitu cha kuikinga. Nikafikiri kwa akili yangu ya duka. Rangi ya mabati inakaa juani juu ya nyumba miaka na miaka, mvua inainyeshea, haibanduki. Sasa ekzosi nayo si joto tu? Nikamfungia kopo la silva ya mabati, nikamhakikishia kabisa. Hata jinsi ya kuipaka nilimwelekeza, mimi ambaye sijawahi kuinama chini ya gari.

Akapanda nayo mlima. Joto la jua na joto la injini ya lori lenye mzigo mlimani havijuani hata kwa kusikia. Rangi ikaanza kuchemka, ikatoa moshi mweupe wenye harufu mbaya, yeye na utingo wake wakadhani lori linaungua, wakaruka nje. Aliporudi Mbalizi hakunitukana. Alikuja na mfuko wa nailoni, akamimina juu ya meza ya duka magamba ya silva yaliyobanduka, akaondoka zake. Wenzangu walicheka mpaka jioni. Ndipo wakaanza kuniita Mama Silva, jina la kejeli. Leo mtu anakuajiri kwa jina hilo na wewe unalipokea kwa mikono miwili.

Toka siku ile sikuamini tena maneno ya kwenye kopo. Kopo linaweza kuandikwa joto lolote, wino hauungui. Nikaanza kupima mwenyewe. Unakumbuka lile jiko bovu la uani, nililokukataza usipikie hata chai? Nilikuwa napaka rangi kwenye kipande cha chuma, nakiacha kikauke, nakiweka juu ya mkaa mwekundu, halafu nakimwagia maji kikiwa bado cha moto. Rangi ya kweli inabadilika kidogo tu, inabaki imeshika. Ya uongo inatoka malengelenge. Wewe ulikuwa unachuchumaa pembeni, mikono mashavuni, unasema, "Mama, hii inalia." Ulikuwa unasikia ile sauti ya rangi inapojikunja. Huyo ndiye mtoto niliyemlea, si huyu wa sawa bosi.

Baadaye Ezekia akanichukua gerejini kwake. Unamkumbuka Ezekia, fundi wa ekzosi, yule mrefu mwenye kofia ya sufu mwaka mzima. Yeye anachomelea, mimi nasugua na kupaka. Pale ndipo nilipojua kwamba ekzosi haivai koti moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ile sehemu inayoshikana na injini, manifodi, inaweza kuwaka ikawa nyekundu. Pale unaweka rangi ya joto kali kweli, ile ya seramiki, na huiweki juu ya kitu kingine chochote. Unasugua mpaka chuma kinabaki uchi, unakifuta mafuta yote, unapuliza nyembamba, unaacha, unapuliza tena nyembamba. Halafu rangi yenyewe inabidi ipikwe. Unawasha injini kidogo, unazima, inapoa. Unawasha tena kwa muda zaidi. Mteja amesimama pale anagonga gonga funguo, anakuuliza mbona mnachezea gari langu. Mwache agonge. Ukimpa gari siku ile ile akakimbia nalo mlimani, umepaka bure.

Ukienda katikati, joto linapungua, rangi ya joto la kawaida inatosha. Nyuma kabisa, kule kwenye lile tumbo linalomeza kelele, adui si moto tena, ni maji. Asubuhi za huku kwetu mtu anawasha gari, anakwenda sokoni hapo hapo, anazima. Ekzosi haijapata hata moto wa kukausha jasho lake. Maji yanalala ndani, yanakula chuma kutokea ndani, na mwenye gari anakuletea umpake nje. Mwambie ukweli kwamba tumbo limekwisha, linunuliwe lingine la bati lenye kinga. Atanuna, lakini mwambie.

Na usifikiri baada ya magamba ya silva nilikuwa nimeshajua. Alikuja mchimbaji wa Chunya na pikapu yake, tukamfungia bomba kwa ile bandeji ya joto, kile kitambaa cha kuzungushia. Ikakaa vizuri sana, akanisifia kwa kila mtu. Nikavimba kichwa. Akaja mtu wa Tukuyu, nikamfungia hivyo hivyo bila kufikiri mara mbili. Chunya ni kukavu, vumbi tupu. Tukuyu mvua haijui likizo. Ile bandeji ikanywa maji, ikakaa nayo, na chini yake bomba likaoza kama kidonda kilichofungwa kitambaa kibichi. Tulipoifungua, chuma kilitoka nayo. Sasa wewe unakwenda Igowole, mahali ambapo ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Usifunge bandeji huko hata wakulilie.

Unaona nimekueleza makosa hayo bila shida, hata nacheka mwenyewe nikiandika. Hayo ni makosa ya mikono. Hili lingine sicheki.

Ulikuwa darasa la pili. Ile Haisi ya petroli iliyokuwa inawapeleka shule ililetwa gerejini wiki ya ukaguzi. Mwenye Haisi alikuwa mtu mpole kabisa, anayeuliza habari za nyumbani kwako mpaka unasahau alichokijia. Nikaingia chini. Nikaona masizi meusi yamepaka kwenye kiungio cha bomba, chini ya viti vya nyuma. Masizi nje ya bomba maana yake ni moja tu, moshi unatoka mahali ambapo haukupaswa kutokea. Nikasugua kwa brashi ya waya na ufa ukajitokeza, ukucha unaingia. Nikatazama juu yake. Sakafu ya gari ilikuwa imetoboka kwa kutu, wamefunika kwa zulia tu.

Nikatoka nikamwambia Ezekia, hili ni la kukata na kuchomelea, na sakafu izibwe kwa bati. Mwenye Haisi akatabasamu. Akasema, "Dada yangu, mkaguzi anamulika tochi, akiona pananing'inia kutu ananisumbua, akiona panang'aa anapita. Nyie nipigieni silva tu, na huo ufa ujazeni pati ya kuzibia. Tutachomelea likizo, watoto wakishafunga." Ezekia akanitazama, mimi nikamtazama Ezekia. Watu wamezoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila sijasikia popote waliposema uuzibe kwa rangi.

Nikaweka brashi chini. Sikusema kitu. Nikanawa mikono kwa petroli, nikachukua mkoba wangu, nikarudi nyumbani. Nilijiona mtu wa maana, Atupele. Nilimwambia baba yako, leo nimekataa kazi chafu. Akanisifu. Nikapika, tukala, nikalala usingizi mzito. Nilikuwa nimekataa kupaka. Sikuwa nimekataa gari kutembea. Hivyo ni vitu viwili, na mimi nilivichanganya nikaviona kimoja.

Ilipofika siku ya shule iliyofuata kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita, ukungu umekaa chini kabisa. Haisi ikaja, vioo vyote vimefungwa, kwa sababu nani atafungua kioo Mbeya asubuhi ile. Niliona. Wakati dada wa gari anashuka kukupokea, niliinama kidogo nikaona silva mpya inang'aa chini ya gari. Nikajua wamepata mtu mwingine wa kuipaka. Sasa sikiliza nilichofikiri, maana ndicho nilichokalia kukuandikia. Sikufikiri ufa. Niliona michirizi. Aliyepaka alipaka vibaya, rangi imetiririka imeganda kama mshumaa, na mimi nikasonya. Nikasema moyoni, kazi ya ovyo kiasi hiki, si afadhali wangeniita mimi. Nilinuna kwa sababu ya ufundi wangu. Nikakunyanyua, nikakuweka kiti cha nyuma karibu na mwenzako Lusajo, nikauvuta ule mlango. Unajua mlango wa Haisi hauvutwi kwa upole. Niliuvuta kwa hasira zangu zote.

Hasira nilikuwa nayo ya kutosha. Nilikuwa nimeielekeza kwenye michirizi.

Njiani mlilala. Dada wa gari aliwaona mmelala akafurahi, akasema leo watoto wametulia, wameamka mapema mno. Shuleni waliokaa mbele wakashuka. Wa nyuma hamkushuka. Wewe ulipoamshwa ulishuka, ukatembea kidogo, ukaanguka kwenye majani ukaanza kutapika. Lusajo alibebwa, mkakimbizwa wote hospitali. Mpaka leo unaikumbuka kama siku uliyotapikia viatu vya mwalimu, na unaisimulia kwa kucheka, na mimi kila ukiisimulia naondoka chumbani najifanya natafuta kitu.

Nilipofika hospitali nilikuta watu wamemzunguka mama wa uji. Yule mama aliyekuwa anauza uji getini, unamkumbuka, alikuwa anawaongezea bure mkiwa mnatetemeka. Wazazi wamemshika kanga, wanamuuliza uji wa jana umewawekea nini watoto wetu. Mwenye Haisi naye yuko pale, mpole vile vile, anatikisa kichwa na kusema hawa wauza vyakula wanapaswa kuangaliwa. Mama wa uji analia, anasema mbona na mimi nimekunywa. Hakuna anayemsikiliza.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilisema si uji, ni gari. Nilisema lina ufa, niliuona kwa macho yangu, nikaugusa kwa ukucha, na mwenyewe huyu hapa aliuona. Nilisema mpaka nesi akaja kunitoa nje, lakini alishasikia. Ndipo wakajua ni moshi, wakawawekea hewa ya mitungi. Mliamka wote. Lusajo alichelewa, lakini aliamka. Alipofumbua macho alimuuliza mama yake kama wamefika.

Mwenye Haisi alisema Mungu ni mkubwa, hakuna aliyekufa. Akalipeleka gari kwa Ezekia, Ezekia akakata, akachomelea, akaziba na sakafu. Unajua kazi hiyo ilichukua muda gani? Haikufika mchana. Asubuhi moja isiyotimia, ndiyo iliyokuwa inasubiri likizo.

Na Ezekia, nilipomlaumu, alinijibu kwa nia njema kabisa, "Lakini dada, wewe si ulikataa? Wewe huna kosa." Watu wengi walinipa neno hilo wakidhani wananifariji. Sikutaka kulisikia wakati ule na sitaki kulisikia leo. Nilikuwa na mdomo. Nyumba ya dada wa gari nilikuwa naijua. Simu ya mwalimu mkuu nilikuwa nayo. Nilichofanya ni kunawa mikono na kwenda kupika.

Kwa hiyo leo ukisema ni rangi tu, nakujibu hapana mwanangu. Rangi nzuri ya joto inalinda chuma kizima. Rangi juu ya ufa ni mambo ya funika kombe mwanaharamu apite, na wanaopita ni watoto wa watu. Yale masizi, Atupele, ni chuma kinaomba msaada. Ukiyapaka silva umekiziba mdomo, na atakayekuja baada yako, awe mkaguzi, awe dereva, haoni tena kitu. Kabla ya rangi mtu mwenye macho angeona weusi akauliza. Baada ya rangi hata mimi, mimi Mama Silva, niliinama nikaona kazi ya fundi mbaya tu.

Nilipokuwa natoa miiba ya samaki kwenye sahani yako jioni hii, unajua nilitaka nini? Nilitaka nikafungue yale mabegi na kurudisha nguo zako kabatini. Nilishasimama. Nikafika mlangoni, nikayatazama, nikarudi kukaa. Nikawaza kwamba hata usipokwenda, foleni ya yale magari ipo pale pale, na bosi wako atampata mwingine wa kusema sawa bosi, tena asiyejua masizi yakoje. Wewe unayajua. Wewe ni mtoto uliyesikia rangi inalia. Siwezi kukuficha ndani wakati kuna watoto wa Igowole watakaofunga vioo kwa sababu ya baridi.

Sikuombi ugombane na huyo bwana siku ya kwanza. Msalimie, fagia, jifunze majina ya watu. Inawezekana hata si mtu mbaya, mwenye Haisi naye hakuwa mtu mbaya, ndiyo shida yenyewe. Lakini kabla hujafungua kopo lolote, fanya lile nililokufundisha. Chukua tambara nene, liloweshe, mwambie mtu awashe injini ikiwa bado ya baridi, uzibe bomba kule nyuma kwa muda mfupi, usikilize. Ekzosi nzima isiyo na ufa inabanwa pumzi, injini inalalamika. Yenye ufa inapiga mluzi pale pale penye ufa, na huhitaji cheti kuusikia. Ukisikia mluzi, usiweke brashi chini ukanyamaza kama mama yako. Mwambie bosi. Asiposikia mwambie dereva. Dereva asiposikia waambie wanaopanda, kwa sauti hiyo hiyo unayonijibia mimi mezani. Hiyo sauti nimekuvumilia nayo miaka yote hii, ikafanye kazi sasa.

Watakuita mkorofi. Watasema huyu binti wa Mbeya ana mdomo. Watasema tulifikiri Mama Silva ni mtu wa kazi kumbe ni mtu wa maneno. Waache. Wakikufukuza kwa sababu hiyo, panda gari urudi nyumbani, nitakupikia ndizi na nitamwita baba yako tukae tule, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umerudi. Ila usije ukarudi hapa likizo na zawadi na nguo mpya, umetulia, nikakuuliza kazi ikoje ukaniambia nzuri, napiga silva. Huo ujio siutaki.

Natamani ningeandika barua ya upole kama mama wengine. Nilianza nikiwa na nia hiyo, nikashindwa. Nimekasirika kwa sababu nakupenda, na kwa sababu ile asubuhi nilikuwa na hasira ya kutosha kusimamisha Haisi katikati ya barabara na sikuitumia. Nimekuwa naitunza tangu siku hiyo. Nyingine nimekupa humu.

Sasa jambo la kesho, nikuandalie mapema usishtuke. Tukifika stendi, baba yako atabeba begi kubwa. Wewe utakuwa unatafuta kiti chako, kile cha nyuma ulichokatia tiketi. Mimi hutaniona karibu yako. Ukichungulia dirishani utaniona nyuma ya basi nimeinama, kitenge nimekikunja magotini, tambara bichi mkononi. Nimeshaongea na dereva kwa simu, akacheka, akasema mama una vituko, njoo tu. Watu watatazama. Najua utaona haya, utaangalia upande mwingine ujifanye hunijui. Jifanye tu.

Lakini nikisikia mluzi, Atupele, usidhani nitakuja kukushika mkono nikushushe wewe peke yako. Nilishafanya mambo ya kujitoa peke yangu, nikajua yanaishia wapi. Nitagonga ubavu wa basi kwa kiganja changu, nitapaza sauti, na mtashuka wote.

Mama yako,
anayekusubiri uamke